Mizani Nane za Mama

Asubuhi ya tatu baada ya kiharusi, mama yangu alitaka maji na hakuweza kuyataja. Alinitazama, akafungua mdomo, ikatoka sauti isiyokuwa neno. Akajaribu tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka kama si wake. Nikamletea uji, akatikisa kichwa. Nikamletea mto, akatikisa kichwa. Nilipoleta gilasi ya maji machozi yalimtoka, na mimi yakanitoka, kwa sababu mwanamke huyu aliwasomesha Kurani wasichana wa mtaa mzima kibarazani kwetu Lamu, na sasa neno la silabi mbili lilikuwa limemshinda.

Usiku ule, baada ya isha, mama mdogo akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amechoka, hakuwa na la kusema, akaanza tu kuusoma Utendi wa Mwana Kupona kwa ule mvuto wa sauti tulioukuta kwa bibi zetu. Katika ubeti wa tatu akasita, kipande kimempotea. Mama akakimalizia. Alikitoa kipande chote, akatoa na kilichofuata, kina kikakaa mahali pake, kisha akaingia ubeti wa nne peke yake na mama mdogo akawa ndiye anayemfuata. Sote chumbani tulinyamaza. Mtu aliyeshindwa kutaja maji alikuwa anasoma utenzi.

Daktari alitueleza baadaye kwamba hilo si ajabu kwa wanaojua. Kwa watu wengi lugha ya kila siku imekaa upande wa kushoto wa ubongo, na kiharusi cha upande huo huuchukua mkono wa kulia pamoja na maneno. Lakini yale mtu aliyoyahifadhi kwa sauti na mapigo, dua, nyimbo, hesabu ya moja mpaka kumi, mara nyingi hubaki. Nilimshukuru kwa maelezo yake. Ila nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijiuliza jambo jingine: ni fundi gani aliyeyafunga maneno yale kwa ustadi kiasi kwamba hata ugonjwa uliovunja kila kitu haukuweza kuyafungua?

Fundi huyo alikuwa mama, na alikuwa mgonjwa.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa kisiwani Pate, inasemwa mnamo mwaka 1810. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ambao siku hizo ulijulikana kwa wanavyuoni wake na kwa wanakili wa misahafu. Bwana Mataka aliishi miaka mingi akipambana na dola ya Unguja, na katika miaka ya 1840 majeshi ya mtawala wa dola hiyo, Sayyid Said, yalikuja Siyu yakashindwa. Alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, yaani 1275 wa Hijria, mjane wake alimtungia binti yao, Mwana Hashima, wasia wa beti zaidi kidogo ya 100. Binti alikuwa na umri wa miaka 17 hivi. Mama alikuwa ameugua mwaka mzima, na analisema hilo mapema kabisa katika utenzi wake: kwamba maradhi yamemshika mwaka umetimia, na katika muda wote huo hajapata nafasi ya kumwambia mwanawe neno lililo jema. Haikupita miaka mingi akafariki.

Jina lake lina neno kupona ndani yake. Hakupona. Nimelitafakari hilo mara nyingi, na kila mara narudi kwenye kazi yenyewe, maana ndani ya kazi ndimo anamoonekana mtu aliyejua wakati wake ni mfupi na asiyeharakisha hata mizani moja.

Mama yangu alinifundisha kuusikiliza utenzi kabla sijajua kuusoma. Alinifundisha kwa vidole. Utaweka gumba juu ya kidole cha shahada, silabi ya kwanza. Cha kati, ya pili. Cha pete, ya tatu. Cha mwisho, ya nne. Kisha gumba linarudi: cha mwisho tena, cha pete, cha kati, cha shahada. Vidole vinne kwenda na kurudi, mizani nane. Kipande kikiisha gumba liko lilipoanzia, tayari kwa kipande kingine. Vipande vinne hufanya ubeti. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na kinaweza kubadilika kila ubeti. Cha nne kina kina chake, nacho hakibadiliki mpaka mwisho wa utenzi. Hicho cha nne ndicho bahari.

Ukilitazama umbo hili kwa mbali unaona pambo. Likaribie, utaona kazi inayofanya. Vina vitatu vya mwanzo ni kama watu watatu waliosimama mstari mmoja: ukimsahau wa pili, wa kwanza na wa tatu watakuonyesha pengo lake lina sura gani. Mizani nane zinakwambia pengo lina upana gani. Neno likikupotea, unajua lilikuwa na silabi ngapi na liliishia na sauti gani, na akili ikishajua hayo mawili hulipata. Na kina cha nne, kile kisichobadilika, ni uzi uliopita katikati ya beti zote. Ukiwa umepotelewa na beti tatu nzima, uzi bado umo mkononi. Mama mdogo alipopotelewa na kipande usiku ule, hakikuwa kimepotea kabisa. Nafasi yake ilikuwa wazi pale pale, upana wa mizani nane, ikingoja, na mama akakirudisha mahali pake.

Umbo hili Mwana Kupona hakulibuni. Alilikuta. Kisiwani kwao Pate, mwaka 1728, Mwengo bin Athumani alilitumia kuandika Utendi wa Tambuka, beti zaidi ya 1,000 za vita vya Mtume na Warumi, majeshi, farasi na panga. Tendi nyingi za zamani zilikuwa hivyo: chombo kikubwa cha kubeba mambo makubwa ya wanaume na vita. Mwana Kupona, mke wa mtu aliyepigana vita vya kweli, alikichukua chombo hicho hicho akakipakia mambo ya chumba kimoja: mgonjwa kitandani, binti ameketi na wino na karatasi, na maneno ambayo mama yeyote humwambia mwanawe. Wala hakukipunguza. Sheria zote za utenzi amezitimiza kwa binti mmoja kama vile Mwengo alivyozitimiza kwa vita. Kwangu hili ni tendo kubwa la heshima. Alimwona mwanawe anastahili kazi kamili.

Sasa tazama bahari aliyoichagua. Kipande cha nne cha kila ubeti kinaishia na sauti ya a inayosimama baada ya irabu nyingine: -ia, -ea, -aa. Wengine huandika -iya na -eya, kwa kuwa ndivyo ulimi unavyopita. Mshairi mwenye njia ndefu mbele yake huchagua kina ambacho hakitamkaukia, na hiki hakikauki. Dunia inaishia hapo, na nia, na njia, na afia. Lakini hazina kubwa ya kina hiki ni vitenzi, na si vitenzi vyovyote: ni kauli ya kutendea. Omba ni tendo la mtu na Mola wake. Ombea, tayari kuna mtu wa pili. Weka, wekea. Acha, achia. Tunga, tungia. Lugha yetu ikitaka kusema kwamba jambo limefanywa kwa ajili ya mtu, huongeza sauti ile ile aliyoichagua Mwana Kupona kuwa bahari yake.

Sijui kama alikaa akalipanga hilo, au kama sikio la fundi lilimpeleka lenyewe. Matokeo ni mamoja. Mara kwa mara ubeti unapotua, unatua kwenye tendo linalomwelekea mtu mwingine. Mama anazungumza, na sarufi yenyewe inanyoosha mkono kwa binti.

Nenda na mpangilio. Anaanza kwa kumwita. Anamtaka mwanawe asogee, aketi, alete wino na karatasi, kwa kuwa ana jambo moyoni. Kisha anamwelekeza amtaje Mungu na amsalie Mtume, maana mlango haufunguliwi bila hilo. Anamwambia kwamba binadamu si kitu na ulimwengu si wetu. Anasema atamtungia kidani cha lulu na marijani, amvike shingoni. Kila mama wa mwambao amewahi kumvika mwanawe kitu shingoni, cha pambo au cha kinga, na wasia huu anautoa uwe vyote viwili. Neno kutunga lenyewe limebeba picha hiyo: tunatunga shanga na tunatunga mashairi, na kazi ni moja, kupitisha uzi katika tundu dogo, moja baada ya moja, bila kukata.

Baada ya hapo ndipo yanakuja mafunzo: dini kwanza, kisha adabu, ulimi mkweli, radhi tano ambazo mwanadamu anazihitaji, za Mungu, za Mtume, za baba, za mama na za mume. Zinakuja beti za maisha ya ndoa na usafi wa nyumba. Anakumbuka namna yeye na baba yake binti walivyoishi kwa heshima mpaka mauti yalipomjia mzee yule akiwa radhi naye. Halafu utenzi unageuka. Sauti iliyokuwa ikimwelekea binti inainuka na kumwelekea Mungu, na beti zinazofuata zinakuwa dua: ya watoto wake, ndugu zake, jamaa zake, Waislamu wote, na yeye mwenyewe apate afueni. Mwisho anautia muhuri: anajitaja mtunzi kuwa mgeni mwenye majonzi na madhambi anayetaraji msamaha, anatoa hesabu ya beti, na mwaka.

Ukisoma upesi utapitiwa na mgeuko ule kutoka wasia kuingia dua. Nimeusoma utenzi huu miaka mingi na sikuuona mpaka mama alipougua. Mwana Kupona angeweza kuanza kwa kujiombea. Alikuwa mgonjwa mwaka mzima, hilo ndilo lingekuwa la kwanza mdomoni mwa mtu yeyote. Amelitaja mwanzoni kama sababu ya kuandika, akaliacha, akamtumikia mwanawe beti kwa beti, na alipomaliza kazi yake ndipo akanyoosha mikono. Katika kunyoosha mikono pia alianza na watu wake.

Kuna beti ambazo msomaji wa leo hazimkai vizuri. Zile za kumtumikia mume, kumpepea, kumwomba ruhusa ya kutoka, zimezua ubishi mrefu. Wako wanaoona ni mnyororo; wako wanaoona kwamba mwanamke mwenye akili alimpa bintiye namna ya kuishi salama katika ulimwengu ulivyokuwa. Mama yangu, aliyelea watoto watano na kuendesha nyumba peke yake baba alipokuwa Uarabuni, alipofika beti hizo alizisoma zote bila kuruka hata moja. Nilipokuwa msichana nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, “Mama, wasia wa mtu haukatwi. Usikize wote, kisha uchukue lako.” Aliniita mama, kama Mwana Kupona anavyomwita Mwana Hashima ndani ya utenzi. Kwetu binti huitwa hivyo na mama yake, na nadhani ndani ya neno hilo mna matarajio: kwamba siku itafika mambo yatageuka, na wewe ndiye utakayemlisha uji.

Siku hiyo ilifika. Mama aliishi miezi tisa baada ya kiharusi. Sitaieleza miezi hiyo kama hadithi ya ushindi, kwa sababu kulikuwa na vidonda vya mgongoni, usiku wa kukohoa na siku alizogeuza uso ukutani. Lakini nitasema nilichokiona. Swala tano hakuziacha. Dini imemfanyia mgonjwa wepesi: asiyeweza kusimama aswali ameketi, asiyeweza kuketi aswali amelala, asiyeweza kurukuu aashirie kwa kichwa. Mama alishuka ngazi hizo moja moja. Mwezi wa kwanza tulimketisha kwa mito. Mwezi wa tano akawa anaswali ubavuni. Mwisho ilikuwa ni kope tu, zinafumba kwa sijida. Na tuliposhindwa kumfikisha kwenye maji, tulimwekea mchanga safi katika sinia kwa tayamamu, akaugusa kwa mkono wa kushoto ulio mzima, nami nikausaidia ule wa kulia. Alikuwa akiifanya tayamamu kwa umakini ule ule niliomwona nao akichora herufi ba ubaoni, nukta moja chini, isikae kando.

Baada ya arobaini nilitaka kumtungia ubeti. Mmoja tu. Nilidhani ni kazi ya jioni moja, kwa kuwa mimi ni mwandishi na maneno ndiyo riziki yangu. Ilinichukua usiku nne.

Usiku wa kwanza niliandika sentensi nzuri kuhusu mama yangu mpendwa aliyekuwa taa ya nyumba yetu. Nilipoweka gumba kwenye vidole, sentensi ilizunguka mkono zaidi ya mara mbili. Mizani nane hazina nafasi ya mpendwa. Nilichukia kulitoa, kisha nikaona kwamba neno hilo hutumika kwa kila maiti gazetini, na kwamba taa imeshasema yote. Kipande cha kwanza kikapatikana. Cha pili nilikiandika kwa kufundisha, mizani moja ikazidi. Nikaliweka kando fundisha nikachukua funza, na hapo nikakumbuka kwamba hilo ndilo neno alilolitumia yeye siku zote: amefunzwa, hakufunzwa. Mizani zilinirudisha kwenye ulimi wa mama.

Cha tatu kilinitesa usiku mbili. Nilitaka kusema hata ulipokuwa kitandani, mizani kumi na moja. Nikakata hata, nikakata ulipokuwa, nikabaki na kitandani na silabi nne tupu. Ndipo nikagundua kitenzi kidogo kuliko vyote katika Kiswahili: u. U kitandani. Herufi moja, na mtu mzima amelala ndani yake. Mbele yake nikaweka mgonjwa, neno ambalo m yake husimama peke yake na kuhesabiwa mizani kamili, na kipande kikatimia. Cha nne nilikiandika kwanza kwa ulituombea, kisha usiku wa nne nikabadilisha silabi moja, li ikawa ki, kwa kuwa li hulifunga jambo na ki hulinyoosha liendelee:

Mama, taa ya nyumbani,
uliyetufunza dini,
mgonjwa, u kitandani,
bado ukituombea.

Si ubeti mkubwa. Kina cha ni ndicho chepesi kuliko vyote, maana kila mahali Kiswahili kinaweza kukibandika. Lakini una mizani zake, na wajukuu wa mama wenye umri wa miaka sita na saba waliushika kwa kusikia mara mbili. Makala ndefu niliyoisoma siku ya arobaini, ambayo watu waliisifu, hakuna anayekumbuka hata sentensi yake moja, mimi nikiwamo.

Ndipo nilipoelewa kilichofanyika mwaka ule wa 1858. Usiku nne kwa ubeti mmoja, mimi mzima wa afya, na kompyuta na kahawa mezani. Mwana Kupona alitunga zaidi ya 100, mwili ukimuuma, kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, kilichosheheni maneno ya Kiarabu ya dini, kila kimoja cha vipande 400 na ushei kikiwa na mizani zake, na bahari ikifika ufukweni kila mara mahali pale pale. Sifa ya kwanza ya kazi ile ni kwamba ugonjwa hausikiki katika mizani. Unatajwa na maneno, lakini mapigo hayatetemeki. Nimesikia wasomaji wakisema kwamba utenzi huo ni mwepesi. Ni kweli, ni mwepesi kusikika, kama mkeka uliosukwa vizuri unavyoteleza mkononi bila kukuonyesha ni ukindu kiasi gani uliochanwa, ukaanikwa, ukasukwa ukili kwa ukili kabla haujaitwa mkeka.

Na kazi ilitenda ilichokusudiwa. Mwana Hashima aliushika wasia. Aliishi nao miaka 75, mpaka mwaka 1933. Wanawake wa Lamu waliunakili kwa hati za Kiarabu na kuuhifadhi, kwa kuwa mtunzi mwenyewe mwishoni aliwaita wanawake wote wausome. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na tangu hapo haujaacha kusomwa na kujadiliwa vyuoni. Lakini kabla ya kitabu chochote ulikuwa tayari umechapishwa mahali pengine, katika vifua vya watu kama bibi yangu, ambaye hakuwahi kushika kitabu cha Kizungu maishani mwake, na aliyemhifadhisha mama yangu akimsuka nywele kibarazani.

Kwa hiyo ninapoulizwa mizani na vina ni vya nini katika zama hizi, sina nadharia ya kutoa. Nina mama yangu. Mwanamke mmoja alifunga maneno kwa kamba nane nane ili mwanawe asiyapoteze yeye atakapoondoka. Miaka mingi baadaye mwanamke mwingine akapoteza maneno yote ya kwake, akabaki na yale yaliyofungwa. Kwa miezi tisa tulizungumza kupitia kwa Mwana Kupona. Mama akitaka niketi karibu, alianza ubeti ule wa kumwita binti. Akitaka kunambia kwamba ameridhika nami, alikuwa na ubeti wake. Mimi nilijifunza kujibu.

Wiki mbili za mwisho sauti ilikwisha kabisa. Nilikuwa nimeketi upande wa mkono wake wa kushoto, ule mzima, nikaona gumba linatembea. Shahada, kati, pete, mwisho. Mwisho, pete, kati, shahada. Nane. Kisha nane nyingine. Nilimwita mama mdogo aje aone, tukaketi sote wawili tukisoma kwa vidole utenzi usiosikika, tukikisia amefika wapi. Ilikuwa hivyo siku kadhaa, akiwa macho.

Usiku wa kuamkia Ijumaa gumba likabadilika. Halikupita tena kichwa cha kidole hadi kichwa cha kidole. Lilikuwa linashuka pingili kwa pingili, tatu kwa kila kidole, taratibu, likirudi juu. Hivyo ndivyo tunavyohesabu tasbihi. Nikajua kwamba wasia ameumaliza na ameingia katika dua, kwa mpangilio ule ule.

Alitangulia kabla ya alfajiri. Wewe ambaye mama yako bado anasema, keti naye leo na wino na karatasi. Na utakachokiandika, ukikate mpaka kienee mkononi mwa mtoto.